Wi-Fi ya Nyumbani: Funga Ruta Kwanza, Kisha Unganisha Kompyuta

Huduma nyingi za serikali sasa hufanyika sebuleni, kwa kompyuta na intaneti ya nyumbani. Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, jinsi mkaazi anavyoweza kuunganisha kompyuta yake na Wi-Fi iliyo salama bila kumlipa fundi.

Mkaazi anayetaka kulipia leseni ya biashara, kuwasilisha ritani ya ushuru kwa KRA au kuomba mkopo wa HELB halazimiki tena kufunga safari na kupanga foleni. Mnamo Juni 2023 Serikali ya Kitaifa ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kupitia jukwaa la eCitizen, na serikali za kaunti nazo zimekuwa zikihamishia malipo na maombi yao mtandaoni.

Mabadiliko haya yamewapunguzia wengi nauli na muda. Lakini pia yameleta nyumbani stakabadhi ambazo zamani zilikaa kwenye faili za ofisi. Nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na hatimiliki ya shamba sasa vinapigwa picha, vinahifadhiwa kwenye kompyuta na kutumwa kwa Wi-Fi.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio, na mawimbi hayajui mpaka wa ploti. Yanapenya ukuta, yanafika kwa jirani, na mara nyingi yanafika hadi kwa mtu aliyesimama nje ya lango. Ndiyo maana swali la kwanza si jinsi ya kuunganisha kompyuta. Swali la kwanza ni kama mtandao unaouunganisha umefungwa. Kompyuta haiwezi kuipa Wi-Fi ulinzi ambao ruta yenyewe haina.

MANENOSIRI MATATU YANAYOCHANGANYWA

Wakaazi wengi wanapoambiwa wabadilishe nenosiri la Wi-Fi hujibu kwamba tayari wanalo. Ni kweli, ila nyumba yenye intaneti huwa na manenosiri ya aina tatu, na kila moja hufunga mlango wake.

La kwanza ni nenosiri la Wi-Fi. Hili ndilo unaloandika kwenye kompyuta au simu ili uingie kwenye mtandao. Mara nyingi huwa limechapishwa kwenye stika iliyo chini au nyuma ya ruta.

La pili ni nenosiri la usimamizi wa ruta. Hili hufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Aliye nalo anaweza kubadilisha nenosiri la kwanza, kuwafungia wenye nyumba nje, au kuelekeza kompyuta zote za nyumbani kwenye tovuti bandia. Ruta nyingi hutoka kiwandani na nenosiri jepesi la usimamizi, kama vile neno "admin", na orodha za manenosiri hayo zinapatikana kwa yeyote anayezitafuta.

La tatu ni nenosiri la akaunti zako: barua pepe, eCitizen, iTax, benki. Hili halihusiani na ruta, na halifai kufanana na mengine mawili. Ukimpa mgeni nenosiri la Wi-Fi ambalo pia ndilo la barua pepe yako, umempa funguo za nyumba nzima.

Kosa linaloonekana sana ni kubadilisha la kwanza na kulisahau la pili.

HATUA YA KWANZA: TAYARISHA RUTA

Fanya kazi hii ukiwa nyumbani, wakati ambapo hakuna anayefanya mtihani au mkutano mtandaoni, kwa kuwa vifaa vyote vitakatika kwa muda.

1. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, au kwa Wi-Fi ukitumia jina na nenosiri lililo kwenye stika.

2. Fungua kivinjari unachotumia kuingia kwenye tovuti. Mahali pa kuandika anwani, andika nambari ya ruta iliyo kwenye stika. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta utafunguka na kukuuliza jina na nenosiri la usimamizi, ambavyo pia huwa kwenye stika hiyo.

3. Kabla ya jambo lolote, badilisha nenosiri la usimamizi. Liandike kwenye daftari na ulihifadhi pamoja na stakabadhi zako nyingine muhimu, si kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya ruta.

4. Ingia sehemu ya Wi-Fi, ambayo kwenye ruta nyingine huitwa "Wireless" au "WLAN". Badilisha jina la mtandao. Usitumie jina lako, nambari ya nyumba wala nambari ya simu. Jina la mtandao huonekana na kila apitaye.

5. Chagua aina ya ulinzi. Utaona herufi kama WEP, WPA, WPA2 na WPA3. Chagua WPA3 ikiwa vifaa vyako vyote vinaikubali. Kama una kompyuta au simu ya zamani, chagua WPA2, au ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Ukipewa pia chaguo kati ya TKIP na AES, chukua AES.

6. Weka nenosiri jipya la Wi-Fi, kisha uhifadhi.

7. Zima kitu kinachoitwa WPS ikiwa ruta inaruhusu. Hiki ni kitufe au PIN ya tarakimu nane inayounganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Mwaka 2011 ilibainika kwamba PIN hiyo inaweza kukisiwa na programu ya kompyuta, hata kama nenosiri lenyewe ni gumu.

8. Tafuta sehemu ya masasisho na uone kama kuna toleo jipya la programu inayoendesha ruta. Masasisho hayo huziba nyufa zinazogunduliwa baada ya ruta kuuzwa.

Kampuni nyingine za intaneti hufunga ukurasa wa ruta ili mteja asiuguse, na nyingine humpa mteja programu ya simu ya kufanyia mabadiliko haya. Ukikwama, piga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako na uwaombe mambo matatu: wabadilishe nenosiri la usimamizi, waweke WPA2 au WPA3, na wazime WPS. Ni haki yako kama mteja kuuliza.

KWA NINI HERUFI HIZO NI MUHIMU

Herufi hizo ni majina ya njia za kusimba ujumbe, yaani kuuvuruga kwa hesabu ili atakayeunasa hewani asiweze kuusoma. WEP ilianza kutumika mwaka 1997, na kufikia mwaka 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha namna ya kuivunja. WPA ilifuata mwaka 2003 kama suluhu ya muda, kisha WPA2 mwaka 2004. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018.

Maana yake kwa mkaazi ni hii: ruta inayotumia WEP ni sawa na mlango uliofungwa kwa uzi. Ikiwa ruta yako ni kuukuu kiasi kwamba haina WPA2, iombe kampuni ikubadilishie au ununue nyingine.

Mtandao usio na nenosiri kabisa haufai hata kidogo kwa shughuli za nyumbani. Na usidanganyike kwamba kulificha jina la mtandao ni ulinzi. Jina lililofichwa huonekana kwa urahisi kwa anayejua kulitafuta.

NENOSIRI ZURI NI LIPI?

Nenosiri la Wi-Fi linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Urefu una nguvu kuliko alama za ajabu ajabu unazozisahau kesho yake. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe kwa vistari, mfano: mbuzi-saba-ghorofani-jioni. Mtoto anaweza kulikumbuka, lakini kompyuta inayokisia itapata taabu. Bila shaka hili tulilolichapisha hapa si siri tena, kwa hiyo tunga lako.

Epuka jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, nambari ya simu, jina la timu ya kandanda na "12345678". Anayekufahamu ataanza na hayo.

HATUA YA PILI: UNGANISHA KOMPYUTA

Ruta ikishakuwa tayari, kuunganisha kompyuta ni kazi ya dakika chache.

Kwenye kompyuta ya Windows:

1. Bofya alama ya mtandao iliyo chini kulia mwa skrini, karibu na saa.

2. Hakikisha Wi-Fi imewashwa na alama ya ndege imezimwa. Orodha ya mitandao iliyo karibu itafunguka.

3. Tafuta jina ulilotunga. Hakikisha lina alama ya kufuli. Bofya jina hilo, kisha "Connect".

4. Andika nenosiri. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti, kwa hiyo bofya alama ya jicho ili uone unachoandika kama hakuna mtu nyuma yako.

5. Tia alama ya kuunganisha moja kwa moja ikiwa kompyuta ni yako. Kama umeazimwa kompyuta au ni ya ofisi, acha.

Kwenye kompyuta ya Mac, alama ya Wi-Fi huwa juu kulia mwa skrini, na hatua ni zile zile. Kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi inaweza kuongezewa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Ikiwa iko karibu na ruta, tumia waya. Waya ni wa kasi, na data yake haipiti hewani.

Sasa fanya ukaguzi ambao wengi huuruka. Kwenye Windows, fungua "Settings", kisha "Network & internet", halafu "Wi-Fi", na uingie kwenye maelezo ya mtandao wako. Angalia mambo mawili. La kwanza, mstari wa aina ya ulinzi usome WPA2 au WPA3. La pili, angalia kama mtandao umewekwa kuwa wa umma au wa faragha. Ukiwekwa kuwa wa umma, kompyuta yako hujificha isionekane na vifaa vingine vilivyo kwenye Wi-Fi hiyo. Acha hivyo hivyo, isipokuwa unahitaji kutumia printa au kubadilishana faili na kompyuta nyingine ya nyumbani, na unawaamini wote waliomo kwenye mtandao huo.

Wanaotumia hotspoti ya simu wafuate kanuni hizo hizo. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, chagua WPA2 au WPA3, badilisha nenosiri, na uzime hotspoti ukimaliza. Bando lako litakaa pia.

KOMPYUTA IKIKATAA

Ukiona jina la mtandao lakini kompyuta inakataa kuingia, huenda imehifadhi nenosiri la zamani. Bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Forget", kisha uanze upya.

Ukikosa kabisa jina la mtandao huku simu ikiliona, tatizo laweza kuwa ni masafa. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5, na nyingine huyapa majina mawili, moja likiishia na "5G". Hiyo si 5G ya simu. Kompyuta za zamani huona ile ya GHz 2.4 peke yake. GHz 5 ina kasi zaidi, lakini huchoka upesi kupita kuta za mawe, kwa hiyo chumba cha mbali kitahudumiwa vyema na GHz 2.4.

Ukiona mitandao miwili yenye jina moja, na mmoja hauna kufuli, usiuguse ule usio na kufuli. Mtu yeyote anaweza kuupa mtandao wake jina la mtandao wako ili uingie kwake bila kujua.

Ukisahau nenosiri la usimamizi, nyuma ya ruta kuna tundu dogo. Bonyeza kwa pini kwa takriban sekunde 10 ruta ikiwa imewashwa, nayo itarudi ilivyotoka kiwandani. Uliza kampuni yako kwanza, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kufuta mipangilio inayoleta intaneti. Na kumbuka kwamba manenosiri ya kwenye stika nayo yamerudi, hivyo rudia hatua za mwanzo.

WI-FI YA KUCHANGIA KWENYE PLOTI

Katika ploti na nyumba nyingi za kupangisha, majirani huchanga pesa na kulipia intaneti moja. Si jambo la kushangaza, kwani gharama hupungua. Lakini lina mambo matatu ambayo aliyeandikisha huduma hiyo kwa jina lake anapaswa kuyajua.

Kwanza, kwenye WPA2 ya nyumbani, mtu anayejua nenosiri na mwenye ujuzi anaweza kunasa kompyuta yako inapojiunga na kusimbua mawimbi yake. WPA3 iliziba pengo hilo.

Pili, vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta huonekana na ulimwengu wa nje kama mteja mmoja. Ikiwa kuna atakayetumia mtandao huo kumtapeli mtu, uchunguzi utaanza na jina lililo kwenye mkataba.

Tatu, mpangaji akihama anaondoka na nenosiri. Badilisha nenosiri kila mtu anapohama, kama unavyobadilisha kitasa. Pia soma mkataba wako uone kama unaruhusu kuwauzia wengine huduma.

Ruta nyingi zina suluhu inayofaa: mtandao wa wageni. Huu ni mtandao wa pili, wenye jina na nenosiri lake, unaompa mgeni intaneti bila kumfikisha kwenye kompyuta na printa za mwenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mtandao wa wageni, mwenyeji hupona kweli. Weka humo pia runinga na kamera zinazotumia Wi-Fi, kwa kuwa vifaa hivyo ni nadra kupata masasisho.

Mara moja kwa mwezi, ingia kwenye ukurasa wa ruta na uhesabu vifaa vilivyounganishwa. Ikiwa nyumba ina simu nne na kompyuta moja, na orodha inaonyesha vifaa tisa, badilisha nenosiri siku hiyo hiyo.

WI-FI SALAMA HAITOSHI PEKE YAKE

Ulinzi wa Wi-Fi unaanzia kwenye kompyuta na kuishia kwenye ruta. Kuanzia hapo, ujumbe wako hulindwa na tovuti unayoitembelea. Angalia kwamba anwani inaanza na "https". Lakini https huthibitisha tu kwamba mazungumzo yamesimbwa, si kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Tovuti nyingi rasmi za serikali nchini Kenya huishia na .go.ke. Ukitumiwa kiungo cha basari au ajira ya kaunti kinachoishia vinginevyo, ulizia ofisi zetu kabla ya kujaza chochote.

Sasisha pia kompyuta yenyewe. Microsoft ilimaliza kutoa masasisho ya kawaida ya bila malipo kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa bado unaitumia, muulize muuzaji au fundi unayemwamini kama kompyuta yako inaweza kuwekewa Windows 11.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inamhusu mtu anayekiuka hatua za ulinzi ili aingie kwenye mfumo wa kompyuta akijua kwamba hana idhini. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Vijana wanaojaribu programu za kuvunja Wi-Fi za majirani kwa mzaha wanapaswa kulijua hilo.

Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu wanaokusanya taarifa za watu. Ikiwa unaendesha shule, kliniki au chama kutoka nyumbani na kompyuta yako ina taarifa za watu wengine, wajibu wa kuzilinda ni wako pia.

Ukishuku kwamba akaunti yako imeingiliwa, badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine na mtandao mwingine, ijulishe benki au kampuni ya simu inayohusika, kisha upige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe na uchukue nambari ya OB.

KWA UFUPI

• Badilisha manenosiri mawili ya ruta: la Wi-Fi na la usimamizi.
• Tumia WPA2 au WPA3. Usitumie WEP wala mtandao usio na kufuli.
• Zima WPS.
• Wape wageni mtandao wao.
• Mpangaji akihama, badilisha nenosiri.
• Hesabu vifaa vilivyounganishwa kila mwezi.

Kata ukurasa huu na uuhifadhi pamoja na stakabadhi za ruta. Na kabla ya kutuma ombi lako lijalo la leseni au basari ukiwa nyumbani, geuza ruta na uisome stika. Ikiwa nenosiri lililochapwa hapo ndilo unalotumia hadi leo, anza na hilo.